Kiwanja cha Mama na Dawa ya Mbali



Saratani ya titi ya mama yetu ilipogunduliwa kuwa imeenea mifupani, ami yetu alikuja na habari ya matibabu ya ng'ambo: kimotherapia kwa kipimo kikubwa mno, pamoja na kupandikizwa seli shina. Kiwanja kiuzwe, na upungufu ujazwe kwa mchango. Sisi wanawe tuliomba kwanza tuelewe kinachonunuliwa.

Kimotherapia huua seli zinazozaana upesi. Seli za saratani ni za namna hiyo. Za uboho, unaotengeneza damu, pia. Ndiyo maana daktari hawezi kuzidisha dawa apendavyo, kwani damu ya mgonjwa ingekwisha kabla ya uvimbe. Wataalamu wakabuni njia: seli shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa na kugandishwa, kisha hupewa dawa kali kupita kiasi, halafu hurudishiwa seli zake kwa mshipa ili damu yake iumbike upya. Katika baadhi ya saratani za damu na za tezi, njia hii ingali inaokoa watu. Swali letu lilihusu titi.

Huko Marekani, katika miaka ya 1990, maelfu ya wanawake walitibiwa hivyo kabla ya kuthibitishwa kuwa kunafaa. Hoja ilivutia: ikiwa dawa kiasi hupunguza uvimbe, dawa nyingi zitaumaliza. Makampuni ya bima yaliyokataa kulipa yalishtakiwa, na mwaka wa 1993 kesi moja huko California iliishia kwa amri ya kulipa dola milioni 89, ilhali mwanamke mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Majaribio ya kulinganisha yalichelewa, kwa kuwa wachache walikubali kugawiwa matibabu kwa kura. Nani angependa kuangukiwa na dawa ya kawaida?

Mwaka wa 1999 matokeo ya majaribio kadhaa yalisomwa mkutanoni Atlanta. Yaliyoshangiliwa zaidi yalikuwa ya Daktari Werner Bezwoda wa Johannesburg. Wakaguzi walipokwenda kutazama kumbukumbu zake mwaka wa 2000, uwongo ukafichuka, naye akakiri. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoongozwa kutoka Philadelphia, la wanawake ambao saratani yao ilikuwa imeenea kama ya Mama. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa hai miongoni mwa waliopandikizwa ni 32 katika kila 100. Miongoni mwa waliopata dawa za kawaida, 38. Kitaalamu, tofauti hiyo haikutosha kusema kundi moja lilipona zaidi. Lakini waliopandikizwa ndio walioonja vidonda vya kinywa, maambukizi na majuma mengi ya kulazwa, na wengine huuawa na tiba yenyewe.

Daktari wa Mama alituambia hayo hayo kwa maneno machache, akaeleza kwamba saratani yake inalishwa na homoni, hivyo vidonge vya kuzuia homoni ndivyo vya kuanza navyo, na mionzi kwa maumivu ya mgongo.

Kuelewa hesabu lilikuwa jambo jepesi. Zito lilikuwa kumweleza ami. Mtaani kwetu, mtoto ambaye hajauza kitu kwa ajili ya mzazi aliye mgonjwa hutazamwa kwa jicho la pembeni, na maneno yalitufikia kwamba tunalinda urithi mzee angali hai. Twaamini ami hakuwa na nia mbaya. Alimzika mkewe kwa maradhi hayo hayo, na tangu hapo haamini dawa ya vidonge.

Mama ndiye aliyekata shauri. Alituambia tumsomee tena zile hesabu za Philadelphia, polepole, ami akiwapo. Kisha akasema, "Shemeji, miezi niliyoandikiwa sitaki kuimalizia katika chumba cha kufungiwa, mbali na wajukuu."

Mwaka wa pili huu anameza vidonge vyake baada ya alfajiri. Kiwanja kipo. Ami ndiye ampelekaye kliniki kila mwezi kwa gari lake, na hadi leo hajatamka kwamba amekubaliana nasi.