Ukuta Uliotokwa na Jasho

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mpangaji, nakuomba leo unistahimili, maana nitazungumza kama mwenye nyumba. Na kama wewe ni mwenye nyumba, au unaota kuwa mmoja siku za usoni, basi keti kitako unisikilize, kwani yaliyonipata mimi huenda yako njiani kukujia wewe.

Nilistaafu ualimu, na kwa malipo yangu ya uzeeni pamoja na mkopo aliouchukua mama watoto katika chama chake cha ushirika, tulinunua nyumba ya vyumba sita mtaani Dandora, hapa Nairobi. Huenda waijua historia ya mtaa huo. Ulianzishwa miaka ya sabini kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtu aligawiwa kiwanja chenye choo, bafu na mabomba ya maji tayari, kisha akajijengea vyumba polepole, kadiri mfuko wake ulivyomruhusu. Yakumbuke hayo mabomba, kwa sababu nitayarudia.

Hesabu yetu ilikuwa tamu kwenye karatasi. Chumba kimoja shilingi 4,500, vyumba sita shilingi 27,000 kwa mwezi. Mkopo ulimeza 16,000, na salio lilikuwa letu. Jambo ambalo karatasi haikutuambia ni kwamba nyumba nayo huugua.

Mapema mwaka wa 2023, ukuta ulio kati ya chumba cha tatu na cha nne ulianza kutokwa na jasho. Nilimwita fundi. Akaukwangua, akaupiga plasta mpya na kuupaka rangi ya maziwa iliyopendeza kweli kweli. Nikalipa shilingi 38,000. Miezi miwili haikuisha kabla rangi ile haijafanya malengelenge mfano wa ngozi iliyomwagikiwa na uji wa moto. Fundi wa pili alitazama juu, akatikisa kichwa na kusema, "Mzee, hapa shida ni mabati." Tukabadilisha mabati kwa shilingi 52,000. Wakati huo mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tatu, nami, mtu niliyefundisha sayansi kwa miaka 31, sikujiuliza maji yangetokaje kwenye paa pasipo mvua! Mtu akiwa na hofu ya pesa zake, akili huenda likizo.

Tena bili ya maji ikaanza kupanda. Hapo, msomaji wangu, ndipo nilipokosa. Niliwaita wapangaji, nikawafokea kwa kuchezea maji, na kila chumba nikakiongezea shilingi 200 kwa mwezi. Nilimshuku hasa mama mmoja muuza mboga aliyeishi chumba cha nne. Nilijiambia kwamba yeye ndiye anayeosha sukuma wiki ndani na kumwaga maji ukutani. Alikuwa ameishi humo miaka 11, kabla sijaijua hata njia ya kufika pale. Mtoto wake alikuwa akikohoa usiku kucha kwa ule unyevu. Badala ya kuuliza hali ya mtoto, nilimpa barua ya kumtaka ahame katika muda wa mwezi mmoja. Mpangaji wa chumba cha tatu hakungoja barua. Alifunga virago akaenda zake.

Kisha ukatokea ufa. Ulianzia sakafuni ukapanda hadi dirishani, na ungeweza kuingiza sarafu ya shilingi kumi ndani yake. Nilikosa usingizi. Nani amesahau usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa lilipoporomoka mtaani Huruma baada ya mvua kubwa na kuua makumi ya watu? Yangu haikuwa ghorofa, lakini ukuta ni ukuta, na nyuma yake hulala watu.

Mama watoto, ambaye ndiye aliyekatwa mshahara kulipia mkopo, aliniuliza jambo moja tu usiku huo. "Mzee, mafundi umewauliza. Wanaolala humo je?"

Kesho yake nilienda, nikabisha chumba cha nne. Yule mama alinikaribisha kwa heshima nisiyostahili. Akasema, "Mwalimu, siku za maji, usiku, sakafu hii hulia. Hulia kama sufuria inayokaribia kuchemka. Nilimwambia fundi wako, akanicheka."

Siku za maji! Wewe unayeishi Nairobi huhitaji kuelezwa mgao. Pale kwetu maji yalikuja mara mbili kwa wiki, na aghalabu usiku wa manane. Mafundi wangu walikuja mchana, mabomba yakiwa makavu, wakaona ukuta lakini wasione wala kusikia ugonjwa wenyewe.

Safari hii nilitafuta fundi wa mabomba, nikamwomba aje usiku. Maji yalipofika, wapangaji wote walifunga mifereji, hakuna aliyechota hata kikombe. Tukasimama kuizunguka mita tukiwa na tochi, watu wazima na watoto, kama waliokuja kuangalia nyoka. Mita ilikuwa inazunguka mbio. Waliokuwa wakinywa maji yale hawakuwa wapangaji wangu. Ilikuwa ardhi.

Tulipovunja sakafu tulikuta bomba la chuma la tangu enzi za mtaa kuanza, limeliwa na kutu. Sehemu nyingi za mashariki mwa Nairobi zina ule udongo mweusi ambao hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka. Maji yaliufurisha, nao ukainua sakafu na kupasua ukuta. Fundi alilikata bomba lile, akapitisha mapya ya plastiki juu ya ukuta, mahali ambapo jicho huyaona. Shilingi 71,000.

Nilitaka plasta ipigwe siku iyo hiyo. Fundi akakataa kata kata. Alibandika vipande viwili vya kioo kukatiza ule ufa kwa simiti, akaandika tarehe kando yake. "Udongo ukiendelea kusogea, kioo kitavunjika. Kikikaa mpaka ardhi ikauke, niite." Kimoja kilivunjika mwezi wa kwanza, akabandika kingine. Tulingoja miezi minne, vyumba viwili vikiwa vitupu, nasi tukibaki na shilingi 2,000 baada ya mkopo. Na ushuru nao? Mwenye nyumba anayepata zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka hutozwa ushuru wa kodi ya nyumba, ambao Januari 2024 ulishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5. Lakini hutozwa juu ya kodi yote unayopokea, kabla hujatoa gharama. Simiti yako haikupunguzii hata senti.

Yule mama sikumwacha ahame. Kijana wa chumba cha sita alikuwa anaondoka, nikamhamishia huko kwa kodi ile ile. Barua niliichana mbele yake. Zile shilingi 200 nilizitoza kwa miezi saba, kwa hiyo kila chumba nilikirudishia 1,400. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la leso. "Pesa nimepokea, Mwalimu," akasema. "Lakini yale maneno uliyonitupia mbele ya watu, umeyarudisha vipi?" Sikuwa na jibu. Jumamosi iliyofuata niliwaita wapangaji wote uani, nikaomba msamaha kwa kinywa kile kile kilichofoka.

Sasa amerudi chumba cha nne, ukuta ni mkavu, na mtoto analala. Juzi alinipigia simu saa sita za usiku.

"Mwalimu, maji yamekuja."

"Na mita, mama?"

"Nimeimulika sasa hivi. Imelala."