Kompyuta Inayoganda: Uhariri wa Video Kinyangiri

Kuhariri video kwa kompyuta yenye uwezo mdogo, katika vijiji kama Kinyangiri, kumekuwa na lalamiko moja miaka yote: mashine inaganda. Kinachoigandisha ndicho kilichobadilika. Kinyangiri imo katika Wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, na kazi za fundi wa video huko ni zilezile za vijiji vingi vya Singida: harusi, kipaimara, na kwaya inayotaka kuonekana.

Enzi ya kanda za MiniDV, kilichozidiwa kilikuwa diski. Kanda ya saa 1, ikiingizwa kwenye kompyuta kwa waya wa FireWire, ilikula GB 13 hivi, kwa hiyo harusi ya kanda 3 ilikaribia kuijaza diski ya GB 40, na hapo Windows XP yenyewe haijapata pa kupumulia. Fundi aliingiza kanda moja, akakata yasiyotakiwa, akahifadhi kilichobaki na kufuta, ndipo akaleta nyingine. Wengine video iliwakatikia yenyewe kwenye dakika ya 20 hivi, wakailaumu kamera. Kumbe diski ilikuwa ya mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili kuzidi GB 4. Kuibadili iwe NTFS kulimaliza kesi.

Fremu zilizopotea zilikuwa na uchawi zaidi. Kanda haisubiri: diski ikichelewa kuandika, picha inaruka. Mara nyingi mchawi alikuwa antivirusi inayokagua kila kinachoingia. Mara nyingine Windows, baada ya makosa kadhaa ya kusoma, ilikuwa imeishusha diski kimyakimya kutoka DMA hadi PIO, hali ya kizamani inayokwenda kwa kujikokota. Aliyejua aliingia kwenye orodha ya vifaa, akaifuta chaneli ya IDE na kuwasha upya. Windows iliitambua tena na mwendo ukarudi.

Tena kuna vumbi. Kiangazi cha Singida kina upepo, na prosesa ya Pentium 4 ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, hivyo kazi iliyokwenda vizuri asubuhi inasuasua mchana. Brashi ya rangi na pampu ya baiskeli vilitosha, ilimradi feni ishikwe kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza.

Zilipokuja kamera za kadi, zenye AVCHD na H.264, mambo yaligeuka. Faili zilikuwa ndogo kuliko za kanda, na mtu angetegemea nafuu. Lakini mashine zilizomudu DV, yaani video za kanda, zilikwama papo hapo. Sababu ni namna picha zinavyofungashwa. DV huhifadhi kila fremu kamili. H.264 huhifadhi fremu kamili moja moja kwa nafasi, na zinazofuata huandikwa mabadiliko tu, kwa hiyo kuonyesha fremu moja ya katikati kunailazimu prosesa izifumue na jirani zake. Mzigo ulitoka kwenye diski ukahamia kwenye prosesa, na aliyenunua diski kubwa ili kutibu ugonjwa huo alipoteza hela.

Dawa ilikuwa faili mbadala. Kila klipu iligeuzwa kuwa nakala ndogo, tuseme ya 640 kwa 360, yenye jina lilelile, ikawekwa folda ya pembeni. Kazi yote ilifanywa kwa nakala hizo. Mwishoni folda zilibadilishwa majina, programu ikafunguliwa ikakuta faili asili, na kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, kukaachwa kwenda usiku kucha. Siku hizi Kdenlive, programu ya bure, hufanya hivyo kwa kubofya tu. Umeme ukiwa wa kukatika, ni busara kurenda vipande vifupi na kuviunga baadaye, maana faili iliyokatikia njiani kwa kawaida haifunguki.

Programu za kuhariri nazo zilibadilika: mwaka 2010 Adobe Premiere Pro CS5 ilianza kudai Windows ya biti 64, na mashine nyingi za zamani zikabaki na matoleo ya nyuma. Si hasara kubwa kwa kukata harusi.

Video za simu zimeleta tatizo jingine. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kadiri mwanga unavyobadilika, na katika klipu ndefu ya ibada sauti huachana na midomo taratibu. Kuisogeza sauti hakusaidii, kwa sababu pengo linaendelea kukua. Klipu ipitishwe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, ikichaguliwa kasi ya fremu isiyobadilika. Kwa HEVC, namna nyingine ya kufungasha video inayotumiwa na iPhone tangu 2017, kompyuta za mtumba zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 4 hazina sehemu ya kuifumua kikamilifu. Hapo inafaa simu ipangwe irekodi H.264 kabla bibi harusi hajatoka nyumbani. Ikishindikana, inabaki kugeuza klipu zote kwanza, kazi inayoweza kuchukua muda mrefu kuliko sherehe yenyewe.