Ngeli ya 97

Nilimlaumu mwenzangu kwa siku tatu, kisha nikampigia simu saa nane za usiku kumwomba radhi.

Tulipewa kazi ya watu wawili: programu ya kugeuza nomino za Kiswahili kutoka umoja hadi wingi na kutaja ngeli ya kila moja. Mwenzangu ni dada kutoka Goma, amekua na Kiswahili; mimi nimekisomea hapa Kampala. Yeye aliandaa orodha ya maneno, mimi nikaandika programu kwa lugha ya C. Gari, magari: sawa, ngeli ya 5. Chungwa likatoa wingi sahihi, machungwa, lakini ngeli ya 97. Nanasi likapewa ngeli 0. Nikasema bila kusita kwamba dada amekosea kuchapa.

“Mdogo wangu, mimi niliandika 5,” akajibu, akafunga daftari lake.

Debaga nilikuwa nayo: GDB, ile iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986. Tatizo ni jinsi nilivyoitumia. Dirisha moja lilikuwa na kihariri changu, Vim, na jingine GDB. GDB inataja mstari wa 61. Nahamia Vim kuutafuta, narudi GDB kuuliza thamani, na nikifika nimeshasahau nilichotaka kuuliza. Zile programu kubwa zenye kila kitu ndani yake huigandisha kompyuta yangu kuukuu.

Kumbe tangu toleo la 8.1 la mwaka 2018, Vim huja na Termdebug. Unaandika :packadd termdebug, kisha :Termdebug na jina la programu yako. Skrini inagawanyika mara tatu: GDB, matokeo ya programu, na msimbo wenyewe. Mstari unaotekelezwa hupakwa rangi, na kila unaposonga hatua moja rangi husonga nawe. (Mwanzoni sikuona rangi yoyote, maana nilisahau kuweka -g wakati wa kukompaili. Nusu saa ikapotea hapo.)

Niliweka kituo kwenye kitanzi kinachonakili herufi za wingi, nikaiagiza GDB ionyeshe ngeli kila hatua. Herufi ya kwanza hadi ya nane: 5, 5, 5. Ilipoandikwa ya tisa, 5 ikawa 97, nami nikiutazama mstari uleule uliofanya hivyo. Ndani ya kompyuta, 97 ndiyo namba ya herufi “a”. Nilikuwa nimetenga nafasi 8 tu kwa kila neno: saba za neno refu kuliko yote katika orodha, na moja ya alama ya mwisho ambayo C huidai. Niliupima umoja, nikausahau wingi. Machungwa yana herufi tisa. Ya tisa ilimwagikia kwa jirani, na jirani alikuwa ngeli.

“Dada, chungwa halikuwa kosa lako.”

Kimya. Kisha: “Na nanasi?”

Nanasi nilikuwa nimelisahau. Nikaliingiza yeye akisikiliza, nikawa nahesabu kwa sauti. Mananasi, herufi nane, zikaenea barabara. Halafu ikaandikwa alama ya mwisho, ambayo ni sifuri, na 5 ikawa 0.

“Haya, ongeza nafasi,” alisema, “halafu ulale. Kesho tunawasilisha.”