Walirudiana Kando ya Mto Chobe

Mapenzi kizungumkuti jamani! Nikisikia mtu anaapa, "Yule wa zamani hata kumwona sitaki," mimi naguna tu. Nawakumbuka Elizabeth Taylor na Richard Burton, wale nyota wa sinema.

Walipendana Roma wakicheza filamu ya Cleopatra, kila mmoja na ndoa yake. Machi 1964 wakaoana Montreal, Kanada. Almasi zikanunuliwa, pombe zikanyweka, ugomvi ukapamba moto, mwaka 1974 wakaachana. Watu wakasema yamekwisha. Kumbe wapi! Oktoba 10, 1975 wakaoana tena, safari hii hapa hapa Afrika: Kasane, Botswana, kando ya mto Chobe wenye viboko. Mwaka 1976, talaka ya pili!

Wengi huishia hapo wakacheka. Mimi nina fumbo langu. Burton alifariki Agosti 1984. Barua zake nyingi za mapenzi Taylor aliwaonyesha waandishi, kitabu kikatoka 2010, lakini ile ya mwisho aliibania mpaka naye akafariki 2011. Mlikuwa na nini humo?

Nauliza kwa sababu rafiki yangu anarudiana na mumewe waliyeachana, na anataka ushauri. Nimemwambia: shoga, kupendana hakukuwashinda hata siku moja, kuishi pamoja ndiko kulikowashinda. Hilo mmelirekebisha? Kama bado, andikianeni barua tu. Mchango nitatoa, ila sare ya pili sishoni mpaka nipate jibu!