Wimbo na Neno Lake

Wimbo ni ghala. Wazee waliweka humo maneno yao kama nafaka, ili mtoto wa kesho asife njaa. Lakini ghala lisilofunguliwa halimshibishi mtu. Jambo hili nilifundishwa na mwanafunzi wangu, wala sioni aibu kulieleza.

Nilizaliwa Tharaka, chini ya Mlima Kenya, mahali pa joto ambapo mawele husitawi kuliko mahindi. Kazi ya ualimu ilinivusha Mto Thuci mpaka Embu. Lugha za pande hizi ni ndugu: watu husikilizana, na kila mmoja humcheka mwenzake kwa matamshi.

Mwaka mmoja tulijitayarisha kwa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, ambamo shule hushindana kwa nyimbo na ngoma za asili. Nilichagua wimbo wa kuwinga ndege shambani, niliojifunza kwa nyanya yangu. Watoto waliuimba vizuri, na ngoma zilikuwa ndefu, za kubanwa mapajani, kama zile zilizowapatia sifa wapigaji wa Chuka. Nikajivuna. Ndipo msichana mmoja akainua mkono, akaniuliza maana ya neno moja la kiitikio. Nikanyamaza. Neno hilo nilikuwa nimeliimba tangu utotoni, wala sikulijua.

Jumamosi nikaenda kwa nyanya. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu mzima," akasema, "miaka yote hii umeimba kama kasuku?" Kisha akanieleza kwamba neno lile ni jina la ulingo wa miti waliopanda watoto kulinda mawele. Akanitajia jina la kombeo, na la saa ya alfajiri ambayo ndege hushuka. Ndege wenyewe alinitajia wawili tu. Wengine, alisema, nitawapata nikirudi.

Niliporejea darasani nikawaeleza watoto. Walipoimba tena, walitazama juu, kama wanaotafuta ndege.

Jirani zetu Wakikuyu walikuwa na Joseph Kamaru, aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 2018. Aliimba kwa lugha ya mama, akatia ndani ya nyimbo zake methali na maonyo ya wazee, hata vijana wa mjini wakayasikia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji. Hilo ni agizo jema. Lakini katiba haiimbi, wala haimwendei bibi kizee kumwuliza. Mwimbaji hulihifadhi neno. Mwenye kuuliza hulihuisha.

Neno lenyewe sikuliandika hapa kwa kusudi. Kwenu pia uko wimbo wenye neno usilolijua. Nenda ukaulize, maadamu yupo wa kukujibu. Mimi nilichelewa kurudi. Nyanya alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata, na majina ya wale ndege wengine akaenda nayo.