Ilianzaje?

Shangazi alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, nami nimekaa kizingitini na simu yangu, aliposhika kisogo akasema, "Mwanangu, kichwa." Basi. Nikainuka, nikampa vidonge viwili vya maumivu na maji, nikamwambia ajilaze, kisha nikarudi kwenye simu, moyo umetulia kama wa mtu aliyetimiza wajibu.

Sijui nimelisikia neno hilo mara ngapi. Kichwa kinauma, husema aliyeshinda juani, aliyelia usiku kucha, aliyekosa chai ya asubuhi. Mimi mwenyewe nimelitumia kukwepa wageni. Labda ndiyo maana siku ile nililisikia neno, Shangazi nisimsikie.

Alipotapika, nikasema ni malaria. Aliposema mwanga unamchoma macho, nikavuta pazia. Kila dalili niliipa jina dogo, jina ninaloliweza, na usiku ukapita hivyo. Asubuhi shingo ilikuwa imekakamaa, kidevu hakishuki kifuani, ndipo nikatafuta gari.

Daktari hakuanza kwa kuuliza kinauma kiasi gani. Aliuliza, "Kilianzaje, taratibu au ghafla?" Sikuwa na jibu. Shangazi akajibu kwa sauti ndogo: kama mtu aliyepigwa mchi wa kisogo, na kifuu bado kiko mkononi.

Tukaelezwa kwamba maumivu makali yanayofika kileleni ndani ya dakika 1 hayangojewi nyumbani. Huenda mshipa umepasuka na damu inavuja kuuzunguka ubongo. Huenda damu imeganda ndani ya vena za kichwa, mishipa imejibana, shinikizo la damu limepanda mno, au ni homa ya uti wa mgongo. Pengine si lolote kati ya hayo, lakini hilo halijulikani kwa kukisia. Picha ya CT ndiyo hupigwa kwanza, na damu huonekana vizuri zaidi katika saa 6 za mwanzo. Nikazihesabu saa zetu kimoyomoyo, nikainamisha kichwa.

Ilikuwa damu. Sehemu ya mshipa iliyotuna kama puto ilikuwa imepasuka. Shangazi alipona, ila siku nyingine majina ya wajukuu humpotea. Je, yangempotea hata kama ningeinuka mapema? Nilimuuliza daktari, akasema hawezi kujua, nami sikumlazimisha anifariji.

Kwa miezi kadhaa baadaye kila aliyelalamika kichwa nilitaka kumkimbiza hospitali, kabla hajamaliza kusema. Nikaja kuona, polepole, kwamba hofu ile nayo ilikuwa namna nyingine ya kutosikiliza.

Siku hizi Shangazi akiniita, simu naiweka chini. "Ilianzaje?" namuuliza, kisha nangoja. Mara nyingi jibu huwa refu, na kichwa hakimo kabisa.