Kijana Wetu na Mizani

Akina mama wenzetu hutuuliza baada ya ibada ya Kiswahili, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia msiba: “Hivi ni kweli kijana wenu anapigana mieleka huko chuoni, nanyi mmenyamaza?” Zamani tulikuwa tukijibu haraka kwamba mieleka ya vyuo si ile ya televisheni, ya watu kurushiana viti. Siku hizi tunamkaribisha mwulizaji nyumbani kwa chai, maana jibu ni refu na lina sehemu ambayo bado inatuuma.

Tunaishi Iowa, Marekani. Jimbo hili ni la mahindi, nguruwe na mieleka. Mtoto akishindwa kurusha mpira wa kikapu, basi atapelekwa mkekani, na wetu alipelekwa akiwa na miaka 12. Sisi tuliosomea uuguzi nyumbani Tanzania hatukupenda. Masikio yanavimba, midomo inapasuka, na vipele vya ngozi vinahama kutoka kwa kijana mmoja hadi mwingine. Baba yake alisema mwacheni, akichoka ataacha mwenyewe. Hakuchoka.

Alipoingia chuo ndipo tulipolazimika kujifunza mambo haya. Wanamieleka hugawanywa kwa uzito, makundi 10, kuanzia pauni 125, yaani kama kilo 57, hadi pauni 285, ambazo ni kilo 129. Katika mashindano ya taifa ya vyuo vya daraja la kwanza, kila uzito unachukua vijana 33 tu. Jumla ni 330 kwa nchi nzima. Na chuo hakiwezi kupeleka vijana wawili wa uzito mmoja. Kwa hiyo adui wa kwanza wa mwanao ni rafiki yake anayelala chumba cha pili.

Hapo ndipo palipoanza balaa letu. Kijana wetu alikuwa wa pauni 141, kilo 64 hivi. Kwenye uzito huo timu ilikuwa na kaka mmoja wa mwaka wa mwisho, mwenye nguvu kama trekta. Uzito wa chini yake, pauni 133, ulikuwa na nafasi. Tofauti ni kilo tatu na nusu tu, mtu atasema. Lakini mwezi wa Novemba, alipokuja nyumbani kwa Sikukuu ya Shukrani, alikuwa na kilo 66 na tumbo limeshabandika mgongoni. Pilau hakuigusa. Alikuwa akitafuna ubani na kutema mate kwenye chupa. Macho yalikuwa yameingia ndani. Sisi wauguzi, hata tukiwa likizo, macho hayaendi likizo.

Jumamosi tukifua nguo zake tulikuta mfuko mkubwa wa takataka, wa plastiki nyeusi, umetobolewa matundu matatu: la kichwa na mawili ya mikono. Alikuwa akiuvaa ndani ya sweta na kukimbia ili jasho limtoke.

Akina mama, tulikaa chini pale pale kwenye sakafu ya chumba cha kufulia. Tulijua historia yake. Mwishoni mwa mwaka 1997, katika muda wa takriban mwezi mmoja, vijana watatu wa vyuo walikufa hapa Marekani, katika majimbo ya North Carolina, Wisconsin na Michigan, wakijitoa maji mwilini ili mizani iwakubali. Walikuwa wakifanya mazoezi makali kwenye joto, wamevaa mavazi yasiyopitisha hewa. Mwili ukikaushwa hivyo damu inakuwa nzito, joto linapanda, figo na moyo vinaelemewa. Tangu hapo sheria zilibadilishwa. Nguo za mpira na za plastiki zilipigwa marufuku, vyumba vya mvuke vilipigwa marufuku, na dawa za kukojosha pia. Kabla ya msimu kila kijana hupimwa mkojo kuonyesha kwamba ana maji ya kutosha, hupimwa na mafuta ya mwilini, kisha huandikiwa uzito ambao haruhusiwi kushuka chini yake. Hata kushuka kwenyewe kuna mwendo wake: asipoteze zaidi ya asilimia moja na nusu ya uzito wake kwa wiki. Na kupimwa kwa mizani kumesogezwa karibu na pambano, saa moja au mbili kabla, ili mtu asipate muda wa kujikausha halafu kujijaza maji upya.

Mpango wa kijana wetu ulimruhusu kufika kilo 60 baada ya Krismasi. Yeye alitaka kabla.

Alitusihi tusiseme. Alituambia tutamharibia. Usiku ule hatukulala, na baba yake, aliyekuwa mtetezi wa mchezo miaka yote, ndiye aliyesema kwamba asubuhi lazima simu ipigwe. Tukampigia mtaalamu wa afya wa timu. Kijana akapimwa, mpango wa kushuka ukasimamishwa, akarudishwa pauni 141 nyuma ya yule kaka. Mwaka mzima alikaa kwenye benchi akiwashikia wenzake taulo. Hadi Pasaka alikuwa akitujibu kwa neno moja moja. Mama mmoja Mkongomani wa ushirika wetu alitufariji kwa kusema kijana aliyenuna ni kijana aliye hai. Ni kweli, ila meza ya chakula ilikuwa kimya sana.

Mwaka uliofuata kaka yule alimaliza masomo, na nafasi ikawa ya kwetu. Sasa tukajua namna safari yenyewe ilivyo. Vyuo vimejiunga katika makundi makubwa, na kila kundi lina mashindano yake mwanzoni mwa Machi. Kila kundi hupewa idadi ya tiketi za taifa kwa kila uzito, kulingana na vijana wake walivyofanya msimu huo. Huangaliwa mambo matatu: je, ameshinda angalau asilimia 70 ya mapambano yake? Je, makocha wamempanga juu katika orodha yao? Je, yuko juu katika hesabu ya kompyuta, ambayo hutazama pia ugumu wa wale aliopambana nao? Aliyefaulu mawili kati ya hayo hulitafutia kundi lake tiketi.

Sikieni vizuri hapo: tiketi ni ya kundi. Mwanao anaweza kuitafuta msimu mzima, kisha siku ya mashindano mwingine akaichukua. Sisi tuliona ni kama mama alime shamba halafu mavuno yapigiwe kura. Mwanetu alikuwa ameshinda vya kutosha na uzito wake ulipewa tiketi nne. Alishinda la kwanza, akashindwa la pili, akapanda tena kupitia upande wa walioshindwa mara moja. Ikabaki pambano moja la kumwingiza katika wanne bora. Pambano ni dakika saba. Dakika sita na nusu aliongoza. Mwishoni mwenzake akamkamata mguu, akamwangusha, pointi tatu, filimbi. Akawa wa tano.

Zinabaki nafasi za wale ambao kamati huwachagua yenyewe. Kwa sisi tuliosoma nyumbani, ni kama awamu ya pili ya kuchaguliwa kidato cha kwanza: majina yameshatoka, lako halimo, unaambiwa subiri. Kamati hupekua alimshinda nani, alishindwa na nani, na alishika nafasi gani katika mashindano ya kundi lake. Tulisubiri siku chache tu, lakini tuliingia zamu za usiku tukiwa na simu mfukoni kinyume cha utaratibu wa wodi.

Alipiga mwenyewe, saa kumi na mbili jioni. “Mama, nipo.” Kisha akanyamaza, akaongeza: “Ule mwaka ningeshuka 133, nadhani nisingefika hapa. Sijui.” Hatukumjibu. Nasi hatujui.

Tukampigia bibi yake Mbeya, ambako kulikuwa kumeshapita usiku wa manane. Tukamweleza yote, vijana 33, kamati, makundi. Akasikiliza hadi mwisho.

“Haya,” akasema. “Na huko wanakompeleka, watampa chakula?”